Ruhusa ya Majonzi

Naomba niseme mapema kwamba Karimia ni nchi nzuri. Nasema hivyo kwa hiari yangu, na pia kwa sababu kusema kinyume chake ni kosa la jinai. Mimi naitwa Semeni, mtoto wa bondeni, niliyekwenda huko kusomea uhasibu, na haya nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu haya. Kama yupo atakayesikia akadhani namsengenya mwenyeji wake mwenyewe, basi huyo ana lake jambo, tusiulizane.

Huko Karimia ubaguzi haupo. Ulifutwa. Bunge lao lilikaa asubuhi, likapiga kura kabla ya chakula cha mchana, na kufikia saa nane ubaguzi ulikuwa umekwisha nchi nzima, isipokuwa kwenye visiwa vidogo ambako habari zilichelewa hadi kesho yake. Tangu siku hiyo mtu akilalamika kwamba amebaguliwa anakuwa ameisingizia nchi, maana atabaguliwaje na kitu kisichokuwepo? Anatozwa faini papo hapo, tena kwa upole mno, na anashukuriwa kwa kulipa.

Mimi nilipofika nilitafuta chumba. Nikipiga simu, chumba kipo. Nikifika mlangoni, mwenye nyumba ananitazama usoni, anasikitika, ananiambia kimechukuliwa sasa hivi. Ndipo nikajifunza kwamba vyumba vya Karimia huchukuliwa haraka sana, hasa wakati mtu yuko kwenye ngazi. Na kwenye treni za mjini, kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu hata watu wakiwa wamesimama wamebanana mpaka kwenye milango. Nilipouliza nikaelezwa kwamba ile si chuki, ni heshima, wananiachia nafasi. Haya. Nikawa msichana anayeheshimiwa kuliko wote katika treni ile, na mkoba wangu ukapata kiti chake.

*

Wanafunzi wote wa kigeni tulilazimika kuhudhuria kozi katika Idara ya Usikivu wa Tamaduni. Mkurugenzi wake alikuwa Daktari Valdorme, bwana mrefu, sauti laini, machozi yake yako karibu wakati wote. Aliwahi kuja kwetu kwa juma moja, na tangu hapo akawa bingwa wa mambo yetu. Alivaa shati la kanga alilolishonesha mwenyewe, na mgongoni pamepita maandishi makubwa: HASIDI HANA SABABU. Alituuliza maana yake. Tukamwambia ni sala ya kuombea mvua, akafurahi, akawa analivaa kila mawingu yakitanda.

Mie nilidhani kozi hiyo itatufundisha mila za Wakarimia ili tusiwakwaze watu wa watu. Wapi. Wakarimia hawana mila. Mila tunazo sisi. Wao wana utaratibu. Tulifundishwa mila zetu wenyewe. Nikajifunza kwamba watu wa kwetu ni wachangamfu, hatuna habari na saa, tunapenda rangi za kuwaka, na mdundo tunazaliwa nao damuni. Sasa mimi harusini nikiinuka kucheza, watu huniomba nikae. Katika somo la mdundo nilipata alama za chini kabisa, na mwalimu akaandika kwamba ninao ila ninauficha.

Kila taifa lilikuwa na filamu zake. Zetu zilikuwa tatu: tunavyosalimiana, tunavyokula, na tunavyolia msiba. Katika hiyo ya msiba alionekana mwanamke akijigaragaza vumbini, akijimwagia mchanga kichwani, huku mwanaume akijipiga kifua kwa kibuyu na ngoma zikirindima nyuma yao. Taa zilikuwa zimezimwa. Sisi wa kwetu tukatazamana gizani, kwa sababu mwanamke yule tulimjua. Ni wa kikundi cha ngoma cha taifa, na mchezo wenyewe ni ule unaochezwa sherehe za mavuno, mke wa mlevi analalamika kwamba mumewe kamaliza pombe yote peke yake. Kwetu watu huutazama wakishika mbavu. Daktari Valdorme alikuwa akifuta machozi kwa leso.

Tukanyamaza. Kwetu mgeni hamsahihishi mwenyeji mbele ya watu, hiyo ni adabu ya kawaida, mtoto mdogo anaijua. Taa zilipowashwa Daktari akatushukuru kwa ukimya wetu, akasema umethibitisha kila kitu.

*

Mwenzangu katika kozi hiyo alikuwa Eliamani Mrutu, kijana wa milimani, anayesomea uhandisi wa maji. Mtu mkimya kupita kiasi. Ukimwuliza habari za asubuhi anafikiri kwanza. Watu wa milimani na sisi wa bondeni ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakiibiana mbuzi, kwa hiyo mimi sikumpa nafasi ya kupumua. Nilimwambia kimya chake ni cha mtu aliyekula mbuzi wa watu na bado anaogopa kucheua. Yeye alitabasamu tu, siku akichangamka akaniita mla vyura.

Alikuwa mtoto pekee wa mama mjane. Mama Eliamani alipandisha maji mlimani kwa kichwa maisha yake yote, na ndiyo sababu mwanawe akachagua kusomea maji. Siku anamsindikiza alimwambia, "Usirudi mpaka umalize. Mimi nipo, sitakwenda popote." Ilikuwa imebaki mihula miwili amalize pale mjomba wake, mzee Kiangi, alipopiga simu Jumanne asubuhi. Mama amekwenda.

Hapa lazima nieleze mila yao, na hii ni ya kweli, haimo kwenye filamu. Milimani, mama akifa, mwanawe wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Akikosekana, mtu mwingine wa ukoo hutupa kwa niaba yake, na huo huitwa mkono wa kuazima. Si haramu, lakini mtu ambaye mama yake alizikwa kwa mkono wa kuazima, akipita njiani watu hushusha sauti, na kwenye misiba ya wenzake hajui asimame wapi. Mzee Kiangi alisema, "Tumemweka mochwari ya wilaya, mwanangu. Tunakusubiri. Jitahidi ufike."

Kufika si shida, ndege zipo. Shida ni sheria ya Karimia. Mwanafunzi wa kigeni akiondoka katikati ya muhula, mlango unafungwa nyuma yake na masomo yake yamekwisha, labda awe na kibali kinachoitwa Ruhusa ya Majonzi. Kwa hiyo akienda bila ruhusa, amekanyaga neno la mwisho la mama yake. Akibaki, mama anazikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Eliamani alinieleza hayo bila kuinua macho.

Ruhusa hiyo hutolewa na Idara kwa mtu ambaye huzuni yake imehakikiwa kuwa ya kweli kwa mujibu wa utamaduni wake. Mkarimia akifiwa husema tu nimefiwa, akaenda. Yeye hana utamaduni, kwa hiyo hakuna cha kuhakiki.

*

Siku hiyo hiyo tukakusanyika chumbani kwake. Wanaume wakakitoa kitanda, tukatandika mablanketi, tukakaa chini. Aliyekuwa na wali akaleta wali, aliyekuwa na majani ya chai akaleta majani ya chai. Eliamani alikaa kwenye kona, mgongo ukutani, kimya, na macho yake makavu. Alikaa hivyo Jumanne nzima na Jumatano asubuhi. Milimani mwanaume aliyefiwa hunyamaza mpaka azike. Akipiga kelele kabla ya udongo, husemwa kwamba anamfukuza marehemu. Lakini kimya chake kile kilitutisha hata sisi, maana hakuwa anakula wala kulala.

Jumatano mchana wakaniambia, "Semeni, mtani, kazi yako." Ni kweli ilikuwa kazi yangu. Kwetu msiba hauendi bila mtani. Wengine wote wanapokuwa wamezama, mtani ndiye anayeruhusiwa kuingia na kusema yasiyosemeka, amwigize marehemu, amtukane mfiwa, mpaka moyo uliofungana ufunguke, na sauti anayoitoa mfiwa mbele ya mtani haihesabiwi kelele. Ni kazi ngumu, na usiombe uifanye kwa mtu unayempenda.

Nikafunga foronya kichwani, nikajitwika ndoo, nikaingia nimeinama ninavyojua wanawake wa milimani wanavyotembea wakipanda. Nikaitua ndoo mbele yake. "Eliamani," nikasema, "nimekufa kwa kiu ya kukusubiri, nawe mhandisi wa maji umekaa hapo unakula wali wa watu. Suruali hiyo kakupigia nani pasi? Au umeoa Mkarimia, mwanangu? Mwambie aje anipokee ndoo basi, shingo yangu imekwisha."

Akanitazama. Kisha akacheka. Akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumwagika, akashika ile ndoo akaikumbatia, akawa anacheka na kulia pamoja, na chumba kizima kikacheka na kulia naye. Nami nililia. Tulimlilia mama ambaye wengi wetu hatukuwahi kumwona, na nafikiri alizikwa vizuri zaidi mle chumbani kuliko watu wengi wanavyozikwa makaburini.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Daktari Valdorme na wahakiki wawili, wamekuja kukagua huzuni. Alituangalia tulivyokaa sakafuni na meno nje, akanitazama mimi na foronya yangu. Kisha akauliza kwa adabu kubwa, "Samahani, msiba ni chumba gani?"

*

Kikao kilifanyika Alhamisi. Shahidi alikuwa Bi Ostrelda, mjane wa Kikarimia anayekaa chini ya chumba cha Eliamani. Alikula kiapo, akasema amesikia kicheko kikubwa juu ya dari yake mchana kweupe. Akaulizwa kama amesikia ngoma. Hakusikia. Kibuyu? Hapana. Daktari akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Eliamani akasimama akaeleza habari za watani, polepole, neno kwa neno. Akaeleza pia kwamba kwao mfiwa hukaa kimya. Wahakiki walimsikiliza kwa heshima yote, wakanong'onezana, kisha Daktari Valdorme akavaa miwani na kutoa hotuba ambayo baadaye ilichapishwa kwa wino wa dhahabu.

"Kijana wetu mpendwa," alisema, "nchi hii inayaheshimu machozi yenu kuliko mnavyoyaheshimu ninyi wenyewe. Mkarimia tunampa ruhusa kwa huzuni ndogo, kwa sababu huzuni yake ni ndogo kwa asili. Ni huzuni ya watu waliochoka na ustaarabu. Lakini ninyi mna huzuni pana, huzuni ya ardhini, huzuni yenye ngoma. Nikikupa ruhusa kwa kukaa sakafuni na kucheka, nitakuwa nimekudharau wewe, nimemdharau mama yako, na nimelidharau bara zima. Mimi sibagui. Nataka huzuni yako kamili."

Uvumilivu ukanishinda. Nikasimama, adabu za mgeni nikaziweka kando, nikamwambia, "Daktari, yule mwanamke wa kwenye filamu halilii maiti. Anaililia pombe. Ule ni mchezo wa mavuno, watu huutazama wakicheka."

 Daktari akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejijua. Akasema filamu ile imehakikiwa na serikali yangu mwenyewe. Akawaeleza wenzake kwamba ninayo hali ijulikanayo kama Ukanusho wa Asili, huwapata wageni waliosoma sana, na dawa yake ni kuitazama filamu kila Jumatatu hadi nitakapoitambua. Eliamani akapewa nafasi ya pili, Jumamosi, mbele ya wanafunzi wa Idara, ili nao wajifunze.

*

Tukakimbilia ubalozini kwetu. Kama serikali yetu ndiyo iliyoihakiki, serikali yetu si iseme tu kwamba walikosea? Tukapokewa na mwambata wa utamaduni, Bwana Mheluka, ofisi yenye picha ya Rais ukutani na nyingine ndogo mezani, kwa ajili ya atakayeupa ukuta mgongo.

"Poleni na msiba, wanangu," akasema. Akatusikiliza akikuna kidevu. Kisha akainuka akaufunga mlango.

"Sikilizeni. Ile filamu tuliileta sisi. Waliandika barua wanaomba kilio chetu cha asili. Kikundi cha taifa kilikuwa kinasafiri wiki ile ile, na hakikuwa na kilio, kilikuwa na mavuno. Tukawapa kilichokuwepo. Walilia mpaka wakatujengea maktaba. Leo mnataka niende nikawaambie ilikuwa pombe?"

"Lakini mzee," Eliamani akasema, "mama yangu yuko mochwari."

"Najua, mwanangu, na inaniuma." Nadhani ilimuuma kweli. "Ila mkono usioweza kuukata, ubusu. Jigaragaze kidogo, piga makelele, upewe karatasi yako uende ukazike. Kwani unapungukiwa nini? Mama mwenyewe hatakuona."

"Ataniona, mzee."

Bwana Mheluka akashika kitasa cha mlango, akatuambia tumsalimie yeyote tutakayekutana naye kutoka kwao.

*

Ijumaa nilimfundisha Eliamani kugaragara. Mimi mwenye Ukanusho wa Asili nikawa mwalimu wa asili. Nilimwonyesha aanguke kwa bega ili asiumie, atoe sauti wapi, avute pumzi wapi. Alijaribu mara moja, akasimama, akajipangusa magoti, akasema, "Semeni, siwezi. Nikimfukuza je?" Nikamwambia mama yake anajua. Sikuwa na hakika, nilisema tu.

Tukiwa katikati ya hayo mlango ukabishwa, akaingia Bi Ostrelda na mkate uliofungwa kwenye kitambaa. Sasa huyu mama sisi tulikwisha kumhukumu zamani. Mume wake alifariki wakati wa baridi, na jioni ya siku aliyomzika tulimwona anafagia ngazi za jengo, kavu kabisa, tukasemezana kwa lugha yetu kwamba Wakarimia hawana machozi, damu yao barafu. Na baada ya ushahidi wake mimi nilikuwa nimeongeza mengine ambayo hayasemeki.

Akasimama katikati ya chumba hajui aweke wapi ule mkate. "Nilidhani mnanicheka mimi," akasema. "Siku zote nikisikia kicheko huko juu na lugha siielewi, nadhani ni mimi."

Nikamwambia akae. Akakaa chini kwa shida, goti moja baada ya jingine, tukamwekea mto. Eliamani akamwuliza kuhusu mume wake, na nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Akasema katika nchi yake mtu akifiwa watu humwacha peke yake, ndio utaratibu, na hakuna aliyebisha hodi kwake. "Nilifagia ngazi," akasema, "ili angalau mtu anipite."

Niliona haya, sitaficha. Nikamega kipande cha mkate wake nikala ili nisilazimike kusema. Alikaa nasi mpaka jioni, na alipoondoka alikwenda moja kwa moja kwa Daktari kuufuta ushahidi wake. Akajibiwa kwamba ushahidi ukishatolewa ni mali ya taifa.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wanafunzi wa Kikarimia walikaa mistari ya mbele na kalamu zao, walezi wa shule za awali walileta watoto. Jukwaani palimwagwa mchanga uliochekechwa na kuhakikiwa na idara ya afya. Kibuyu kilitoka makumbusho, na mpiga ngoma alikuwa ofisa wa forodha mwenye kipaji. Bi Ostrelda alikaa nyuma kabisa, peke yake, na mimi nilisimama kando ya jukwaa nimeshika simu ya Eliamani, kwa sababu vazi alilopewa, kitambaa cha madoa ya chui, halikuwa na mfuko.

Daktari Valdorme, ndani ya shati lake la mvua, akawaeleza wageni waalikwa kwamba jaribio lina sehemu tatu na lisikatizwe, maana likikatizwa linaanza upya baada ya wiki mbili. Kisha akainua mkono, ngoma ikaanza.

Eliamani alianza vibaya. Aliinama, akatoa sauti ya mtu anayekohoa. Akatutafuta kwa macho, mimi na mlango. "Kutoka ardhini," Daktari akamnong'oneza. Akajaribu tena, akaanguka kwa bega kama nilivyomfundisha, na sauti ikatoka. Haikuwa sauti ya filamu wala ya milimani. Sijui ilikuwa ya wapi. Ilianza ya uongo, na katikati nikasikia inageuka, kile kimya chote cha Jumanne na Jumatano kikiwa kinatafuta njia ya kutokea na hakuna nyingine isipokuwa hiyo. Wanafunzi wakaandika. Mtoto mmoja akaanza kulia akatolewa nje.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Mzee Kiangi. Nikaipokea nimeifunika kwa kiganja, nikamwambia ni mimi Semeni, mtani wa Eliamani.

"Semeni, mtani wetu, hujambo mwanangu? Eliamani amepanda ndege?"

"Shikamoo mjomba. Bado. Leo anapewa ruhusa, sasa hivi, imebaki kidogo tu."

Akashusha pumzi. "Mochwari umeme umekatika tangu juzi, na jenereta halina mafuta. Tumeomba, tumepiga magoti, hakuna. Wazee wamesema haiwezekani tena. Tuko makaburini hapa, mwanangu. Mpe simu amuage mama yake."

Nikasogea jukwaani. Daktari Valdorme akaniona, akaweka kidole mdomoni, halafu akaninyooshea vidole viwili, akimaanisha wiki mbili. Eliamani alikuwa amefumba macho, uso mchangani, hanioni. Nikasimama hapo nimeinyoosha simu kwake, na kilio kile kikaingia chote ndani yake, na ngoma ya ofisa wa forodha.

Nikairudisha sikioni. Nyuma ya mzee Kiangi nikasikia watu wanaulizana, na mwanamke mmoja akiguna.

"Semeni, hiyo nini?"

Nikaigeuzia ngoma mgongo.

"Ni hao Wakarimia? Ndivyo wanavyolia watu hao?"

Ningemwambia huyo ni mwanenu, wote makaburini wangesikia kwamba Eliamani anamfukuza mama yake kwa ngoma. Mimi Semeni, niliyepewa jina hili ili nisinyamaze, nikamwambia, "Ndiyo, mjomba. Ndivyo wanavyolia."

"Maskini," akasema. Nikamsikia akiwageukia wenzake akiwaambia kwamba ni hao watu wa huko, hawana adabu hata mbele ya maiti, msiwajali. Wakakubaliana naye. "Basi wasogee, wasitusumbue. Mwambie mwanangu tumemsubiri tulivyoweza." Akaliita jina la mtu nisiyemjua, akamwambia apige hatua mbele na atumie mkono wa kulia.

Niliusikia udongo, kidogo kwanza, kisha mwingi. Eliamani hakusikia kitu. Alikuwa amefika sehemu ya tatu, ile ya kujimwagia mchanga kichwani, na ukumbi mzima ulikuwa umesimama unampigia makofi.